Nguo ya Merikani na Mji wa Lowell

Katika maneno yaliyoletwa na biashara katika lugha yetu, ni machache yaliyosafiri mbali kama neno merikani. Maana yake ni nguo nzito ya pamba, isiyopaushwa wala kutiwa rangi, yenye umanjano hafifu kama mtama uliokobolewa. Wazee wa pwani waliijua, na wazee wa bara waliijua vilevile, kwa kuwa ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hata Maziwa Makuu. Lakini mwalimu akimwuliza mwanafunzi wake merikani ni nini, yamkini atajibiwa kwamba ni nguo ya Marekani, na maneno yatakomea hapo. Jibu hilo si baya, ila halijatimia. Kwa maana nchi haifumi nguo. Nguo hufumwa na watu, mahali fulani, kwa pamba iliyochumwa na watu wengine mahali pengine.

Makala haya yakusudia kulieleza neno hilo kwa kuutazama mji mmoja wa Marekani ulioongoza kazi ya kufuma pamba, yaani Lowell katika jimbo la Massachusetts. Viwanda vyake vya zamani havifanyi tena kazi ile, lakini vingi vingali vimesimama, na serikali imevihifadhi ili wageni wavitazame. Msomaji asiyetazamia kufika huko hatapoteza kitu akizifuata habari hizi, maana mambo yanayoonyeshwa katika mji ule yagusa historia ya watu wetu kuliko wengi wanavyodhani.

Neno lenyewe

Kwanza tulitazame neno. Mataifa mengi yamezipa nguo majina ya mahali zilikotoka. Waingereza huita kaliko nguo iliyokuwa ikitoka Calicut katika Bara Hindi, na damaski kitambaa kilichopewa jina la mji wa Damasko. Waswahili nao walifanya vivyo hivyo. Merchebu za wafanya biashara wa Marekani zilianza kufika Zanzibar mara kwa mara katika miaka ya 1820, hasa kutoka bandari ya Salem. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said huko Maskati, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem aliwekwa Zanzibar kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Wageni hao walitaka pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Nao walileta nguo. Wenyeji wakaiita nguo hiyo kwa jina la wale walioileta: amerikani, marekani, au merikani.

Nguo hiyo ilipendwa kwa kuwa ilikuwa imara. Ilifuliwa mara nyingi bila kuchakaa upesi, na mtu aliweza kuijua kwa kuipapasa tu. Kwa hiyo katika safari za bara ikawa kama fedha. Ilipimwa kwa mkono, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Kwa shuka na doti msafiri alinunua chakula, alilipa hongo kwa watawala wa njiani, na alitoa ujira. Hata leo mwanamke anunuapo kanga mbili zilizoshikana husema amenunua doti, naye hutumia kipimo kile kile cha misafara.

Mahali penye maji

Mji wa Lowell uko kiasi cha kilometa 40 kaskazini-magharibi ya Boston, mahali ambapo mto Concord huingia katika mto mkubwa wa Merrimack. Juu kidogo ya makutano hayo pana maporomoko yaitwayo Pawtucket, ambapo maji huteremka yapata futi 32 katika mwendo mfupi. Kabla ya kuja kwa Wazungu, Wapennacook, wenyeji wa nchi ile, walikusanyika hapo wakati wa masika kuvua samaki waliopanda mto. Mwaka 1796 Wazungu walikwisha chimba mfereji wa kuyazunguka maporomoko, ili mbao ziweze kuteremshwa hata baharini. Mfereji ule haukuleta faida kubwa, kwa kuwa baada ya miaka michache mfereji mwingine ulifunguliwa wa kwenda Boston moja kwa moja.

Jina la mji latokana na Francis Cabot Lowell, mfanya biashara wa Boston, ambaye hakuuona mji wenyewe. Katika miaka ya 1810 hata 1812 alikuwa Uingereza, akatazama mitambo ya kufuma iliyoendeshwa kwa nguvu za maji na za mvuke. Sheria ya Uingereza ilikataza kutoa nje mitambo hiyo au michoro yake; kwa hiyo aliyaweka aliyoyaona katika kichwa chake. Aliporudi kwao alifanya kazi pamoja na fundi Paul Moody, wakajenga huko Waltham kiwanda ambacho pamba iliingia ikiwa robota na kutoka ikiwa nguo, chini ya paa moja. Bwana Lowell alikufa mwaka 1817. Mto wa Waltham ulikuwa mdogo, na wenzake walitafuta penye maji mengi zaidi. Wakanunua mfereji wa Pawtucket na mashamba ya kando yake, wakaanzisha kampuni ya Merrimack mwaka 1822, na nguo ya kwanza ikafumwa mwaka 1823. Mwaka 1826 mahali pale palifanywa mji na kupewa jina la marehemu. Kufikia mwaka 1850 ulikuwa na watu wapatao 33,000, na katika jimbo lote ulipitwa na Boston peke yake.

Mifereji na lango la Francis

Jambo la kwanza la kutazamwa na mgeni ni mifereji. Urefu wake wote ni kilometa 9 hivi, nayo yapita katikati ya mji kama barabara za maji. Wakati wa kiangazi wageni huchukuliwa kwa mashua, wakaona jinsi maji yanavyofungiwa na kufunguliwa. Akili iliyotumika ni hii. Maji yalitolewa mtoni juu ya maporomoko, yakaletwa katika mifereji ya juu. Hapo viwanda vya kwanza viliyatumia kuzungusha magurudumu, kisha maji yale yale yakaangukia mifereji ya chini, yakatumiwa mara ya pili, ndipo yakarudishwa mtoni. Gurudumu lililokuwa chini ya kiwanda lilizungusha mhimili, na mikanda ya ngozi ikauchukua mzunguko huo hata orofa za juu. Pamba ilichambuliwa orofa za chini, ikasokotwa juu yake, na kufumwa juu zaidi. Mto mmoja ukafanya kazi ya maelfu ya mikono.

Waliochimba mifereji hiyo hasa walikuwa Waayalandi. Husimuliwa kwamba mwaka 1822 Hugh Cummiskey aliwaongoza vibarua wenzake kwa miguu kutoka Charlestown karibu na Boston kuja kutafuta kazi. Walikaa katika vibanda pembezoni mwa mji, mahali ambapo baadaye pakajengwa kanisa la Mtakatifu Patrick.

Katika mfereji wa Pawtucket pana lango kubwa la mbao ambalo mgeni hapaswi kulipita bila kulitazama. Lilijengwa mwaka 1850 kwa shauri la James Francis, mhandisi wa mifereji, mzaliwa wa Uingereza. Bwana huyu alikuwa na desturi ya kupima kila jambo: mwendo wa maji, kimo chake, na nguvu yake; na gurudumu la maji alilolitengeneza hata leo hutumika duniani kote katika mitambo ya umeme kwa jina la Francis. Alipochunguza habari za mafuriko ya zamani, aliona kwamba siku moja mto ungeweza kufurika, ukapita katika mfereji, ukauchukua mji. Akaagiza lango litundikwe juu ya mfereji, lingoje. Watu walimcheka, wakaliita upuuzi wa Francis. Mwaka 1852, miaka miwili tu baadaye, mto ulifurika. Kishikizo cha chuma kikakatwa, lango likaanguka mahali pake, na mji ukapona. Likaangushwa tena mwaka 1936, wakati wa mafuriko makubwa kuliko yale, nao mji ukapona tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huyu aliuziba ufa kabla haujaonekana, na mwalimu hatapata mfano mwema zaidi wa faida ya kuhesabu na kuandika.

Kiwanda cha Boott na nyumba za mabinti

Jambo la pili ni kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835 ukingoni mwa mto. Majengo yake ni ya matofali mekundu, na mnara wa kengele wasimama uani. Tangu mwaka 1992 kimekuwa nyumba ya makumbusho. Katika orofa ya chini mna chumba chenye mitambo 88 ya kufuma, ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Baadhi yake imekuwa ikiendeshwa ili mgeni aone nyuzi za mtande zikipanda na kushuka, na uzi wa mshindio ukirushwa kati yake huku na huku. Mgeni hupewa vizibo vya masikio kabla ya kuingia. Sakafu hutetemeka, wala mtu hamsikii mwenziwe aliye kando yake. Na hiyo ni mitambo michache tu. Zamani chumba kizima kiliendeshwa kwa pamoja, kutwa nzima, na madirisha yalifungwa ili hewa ibaki na unyevu, nyuzi zisikatike.

Karibu na kiwanda pana nyumba mojawapo ya zile walimolala wafanya kazi. Hapo mgeni husoma habari za mabinti wa Lowell, nayo ndiyo iliyoufanya mji huo usifiwe na kulaumiwa pia. Wenye viwanda hawakutaka kuajiri jamaa nzima za maskini kama ilivyokuwa Uingereza. Waliajiri mabinti wa wakulima wa nchi ya kandokando, wengi wao wenye umri wa miaka 15 hata 30. Wazazi wangaliogopa kuwapeleka binti zao mjini. Kwa hiyo kampuni zilijenga nyumba, kila nyumba ikasimamiwa na mama mtu mzima, mara nyingi mjane. Mlango ulifungwa saa nne za usiku, na kila binti alipaswa kwenda kanisani. Alilipwa fedha taslimu mkononi mwake mwenyewe. Kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na wengine waliitumia kumsomesha ndugu wa kiume au kulipa deni la shamba la baba.

Mabinti hao walipenda kusoma. Mwaka 1840 gazeti liitwalo Lowell Offering lilianza kutokea katika mkutano wa masomo uliokusanywa na mchungaji Abel Thomas, na lote liliandikwa na wanawake wa viwandani. Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, aliutembelea mji mwaka 1842, akastaajabu kukuta piano katika nyumba zao, vitabu vya kuazima, na gazeti lao wenyewe.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kengele iliwaamsha kabla ya mapambazuko, na kwa wastani walifanya kazi saa 73 kwa juma. Ushindani ulipozidi, kampuni zilipunguza mishahara. Mwezi wa Februari mwaka 1834 wanawake wapatao 800 waliacha mitambo wakatoka nje. Mwaka 1836 walitoka tena, na safari hii walikuwa wengi zaidi, kwa sababu malipo ya chakula na malazi yalipandishwa. Baadaye, wakiongozwa na Sarah Bagley, waliandika maombi kwa baraza la jimbo wakitaka siku ya kazi isipite saa 10. Hawakuwa na haki ya kupiga kura, lakini walikuwa na kalamu, na walikwisha zoea kuitumia. Sheria waliyoitaka ilipatikana kwa wanawake na watoto mwaka 1874, wakati ambapo wengi wa walioiomba walikwisha kuacha viwanda.

Kanisa na shule

Wasomaji wetu walio makasisi na walimu watapenda kulitazama kanisa la Mtakatifu Anna, lililojengwa kwa mawe na kampuni ya Merrimack mwaka 1825. Mlezi wake wa kwanza alikuwa Padre Theodore Edson, aliyekaa hapo hata kufa kwake mwaka 1883. Kampuni ilimjengea kanisa, na wakili wa kampuni, Kirk Boott, alikuwa mtu wa kanisa lake, tena mwenye nguvu kuliko wote mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 lilitokea shauri la kujenga shule mpya za watu wote. Bwana Boott alilipinga kwa ajili ya gharama. Padre Edson akasimama katika mkutano wa mji akalitetea mbele yake, na mkutano ukakubali shule zijengwe. Boott akaliacha kanisa lile.

Jambo hili lastahili kufikiriwa. Ni rahisi kumwambia tajiri wa mbali kwamba amekosea. Ni vigumu kumwambia yule aliyekujengea nyumba unamokaa. Padre Edson hakuwa adui wa viwanda wala hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba watoto wafundishwe, akauketia uamuzi wake.

Pamba ilitoka wapi

Sasa tumefika penye jambo lililo zito kuliko yote, nalo halionekani kwa macho katika mji wenyewe, kwa kuwa pamba haikulimwa Lowell. Massachusetts ni nchi ya baridi. Pamba ilitoka majimbo ya kusini, ambako ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa Waafrika na wana wa Waafrika. Massachusetts ilikwisha kuacha utumwa tangu mwisho wa karne ya 18, na watu wake wengi waliuchukia. Hata hivyo kila robota lililopandishwa katika kiwanda lilikuwa limetoka katika mikono ya watumwa. Mji uligawanyika kwa sababu hii. Wako wanawake wa viwandani waliojiunga na vyama vya kupinga utumwa na kutia sahihi maombi. Tena wako watu wa mji waliomrushia tofali George Thompson, Mwingereza mpinga utumwa, alipokuja kusema nao mwaka 1834. Waliona kwamba anayeugusa utumwa augusa mkate wao.

Tena kuna habari moja ya lugha ambayo haina budi kutajwa katika gazeti kama hili. Sehemu ya nguo zilizofumwa katika viwanda vya kaskazini zilikuwa nzito na za bei ndogo, nazo zilirudishwa kusini zikauzwa kwa wenye mashamba ili wawavike watumwa wao. Watumwa hao wakaiita nguo hiyo kwa jina la mji: lowell. Katika miaka ya 1930, wazee waliokuwa watumwa utotoni walipoulizwa habari za maisha yao, wengi walisema kwamba walivaa lowell. Kwao halikuwa jina la mji. Lilikuwa jina la shati pekee la mtoto.

Basi tuweke maneno mawili pamoja. Kule kusini mwa Marekani, mtu mweusi aliyechuma pamba alivaa lowell. Huku Afrika ya Mashariki, mtu mweusi aliyechukua pembe mpaka pwani alilipwa merikani, na kwa doti za merikani hiyo hiyo watu pia walinunuliwa. Maneno hayo ni ndugu. Kila moja lataja mahali nguo ilikotoka, na kila moja lasitiri watu walioitoa jasho. Katika nyumba ya makumbusho ya Boott mgeni huonyeshwa habari hizo za pamba na utumwa karibu na mitambo yenyewe, na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa maana mtambo usipokuwa na pamba ni mti na chuma tu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ilikatika. Kampuni nyingi za Lowell ziliuza akiba ya pamba zilizokuwa nayo kwa faida, zikawaachisha kazi maelfu ya watu. Huku Zanzibar merikani ikapungua na bei ikapanda, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Baada ya vita ilirudi kwa kiasi, lakini viwanda vya Bombay vilikwisha jifunza kufuma nguo iliyofanana nayo. Jina likabaki hata nguo ilipofumwa kwingine. Watu wakavaa merikani isiyoijua Marekani.

Kuanguka na kuhifadhiwa

Baada ya mabinti wa wakulima walikuja wengine: Waayalandi, Wafaransa wa Kanada, Wagiriki, Wareno, Wapolandi. Katika miaka ya 1920 viwanda vilianza kuhamia kusini, karibu na pamba na penye mishahara midogo, na katikati ya miaka ya 1950 vile vya mwisho vya kampuni kubwa vya kale vilifungwa. Mji ukawa maskini. Watu wengi waliyaona majengo yale kuwa ukumbusho wa aibu na njaa, wakataka yabomolewe. Viwanda vya Merrimack, vilivyokuwa vya kwanza, vilibomolewa kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, na mwaka 1966 zikabomolewa nyumba za kale za wafanya kazi wake katika barabara ya Dutton.

Aliyeleta shauri jingine alikuwa mwalimu, Patrick Mogan. Yeye alisema kwamba mji wenyewe uwe darasa. Watoto wasifundishwe kuona haya kwa kazi ya bibi na babu zao, bali waielewe. Shauri hilo lilionekana geni, kwa kuwa serikali ilikuwa imezoea kuhifadhi milima, misitu na nyumba za wakubwa, wala si viwanda. Lakini lilikubaliwa, na mwaka 1978 baraza kuu la Marekani liliifanya sehemu ya mji kuwa hifadhi ya historia ya taifa. Nyumba ile ya mabinti karibu na Boott imepewa jina la mwalimu huyo.

Mambo mengine ya kutazamwa ni mengi. Iko nyumba alimozaliwa mwaka 1834 mchoraji James McNeill Whistler, ambaye baba yake alikuwa mhandisi; sasa ni nyumba ya kuonyeshea picha. Iko makumbusho ya mablanketi ya viraka, iliyoanzishwa mwaka 1987, ambapo mtu huona jinsi mabaki ya nguo yalivyofanywa kitu cha uzuri. Iko bustani yenye nguzo za mawe zilizochorwa maneno ya Jack Kerouac, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa mjini humo mwaka 1922 katika jamaa ya Wafaransa wa Kanada. Na mwisho wa mwezi wa Julai kila mwaka watu hukusanyika siku tatu kwa ngoma, nyimbo na vyakula vya mataifa, bila kutozwa kiingilio. Mapishi mengi huuzwa na jumuiya za wageni waliohamia, ambao siku hizi ni pamoja na Wakambodia wengi, na Waafrika, hasa kutoka Kenya. Hivyo Kiswahili chasemwa leo katika mitaa ya mji wa nguo.

Miji ya jirani

Mgeni mwenye nafasi hufuata mto Merrimack kuteremka hata Lawrence, mji ulioanzishwa mwaka 1845 kwa mfano wa Lowell. Hapo lingaliko boma kubwa la mawe lililozuia mto. Mji huo wakumbukwa kwa misiba na kwa ushujaa. Tarehe 10 Januari 1860 kiwanda cha Pemberton, kilichojengwa vibaya, kilianguka watu wakiwa kazini, na wengi wakafa kwa kupondwa na kwa moto uliofuata. Na mwaka 1912 wafanya kazi zaidi ya 20,000, wa mataifa na lugha nyingi, waliacha kazi pamoja kwa sababu ya kupunguzwa mshahara, nao wakashinda.

Kutoka huko yafaa kwenda Salem kando ya bahari. Huko gati za zamani na nyumba ya forodha ya mwaka 1819 zimehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1938. Makumbusho ya Peabody Essex yatokana na chama cha manahodha na mawakili wa merikebu kilichoanzishwa mwaka 1799, ambao walileta vitu kutoka kila pwani waliyoifikia. Mji huu ndio uliokuwa na jamaa za wafanya biashara waliokaa Zanzibar, na sandarusi ya mrima ilisafishwa hapo ili itengenezwe vanishi. Salem nayo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, cha kampuni ya Naumkeag, kilichoendeshwa kwa mvuke, na nguo zake nyingi zilipelekwa Zanzibar. Mtu asimamapo penye gati ile hutazama mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni forodhani Unguja.

Faida ya habari hizi

Huenda mtu akauliza, yatufaa nini kujua habari za viwanda vya mbali vilivyonyamaza? Yatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, lugha ni ghala, na aliye na ufunguo apaswa kuhesabu vilivyomo. Walimu wawaulize wazee majina ya nguo walizozijua: merikani, kaniki, bafta na nyinginezo, zilitoka wapi, zilipimwaje, zilivaliwa na nani, zilitolewa mahari au fidia kwa kiasi gani. Waandike, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na neno nalo ni mali.

Pili, mji wa Lowell watupa kielelezo cha namna ya kukumbuka. Watu wake wangaliweza kuonyesha mitambo mizuri tu na kusifu akili ya waliotangulia. Wangaliweza pia kubomoa yote wasahau. Wamechagua njia ya tatu iliyo ngumu: kuonyesha lango lililookoa mji na kengele iliyowanyima mabinti usingizi, shule iliyopiganiwa na pamba iliyochumwa kwa mjeledi, vyote mahali pamoja, mtazamaji apime mwenyewe. Nasi tunazo nyumba za kale, njia za misafara, na masoko ambayo habari zake ni za faida na za uchungu kwa pamoja. Mwanafunzi atakayeulizwa merikani ni nini, na kujibu kwa kutaja aliyechuma, aliyefuma, aliyechukua na aliyevaa, atakuwa amelijua neno hilo kwa haki.